Bi Trude Huja Saa Kumi

Dobrochna alifika Wrocław Alhamisi kwa treni ya mchana, na begi moja na chupa ya jemu kutoka kwa mama yake. Rafiki yake Halszka, aliyesoma naye chuo, alimpa kochi la sebuleni, akamwonyesha bomba la maji ya moto, kisha akamwambia kwamba saa kumi huja Bi Trude.

"Ndiye nani?"

"Mwenye nyumba wa zamani. Mjerumani, enzi mji huu ulipokuwa wao. Walimtoa baada ya vita, akafia Ujerumani. Usimpishe kiti, yeye hukaa dirishani."

Saa kumi akaja, koti limefungwa vifungo vyote, akapangusa kabati la vyombo kwa leso. Kipolandi alikijua vizuri. Alikuwa na miaka themanini ya kujifunza. Halszka alimtilia chai. Hakuwa akinywa, lakini kutomtilia ni kukosa adabu.

"Huyu mgeni?" Bi Trude akauliza.

"Mgeni, bibi. Kaja kutembea mji."

"Basi twende, mwanangu. Hawa wenyeji kila siku wana kazi."

Dobrochna alitaka kuona uwanja wa soko na madaraja ya mtoni, na akaviona, ila mbio mbio. Bi Trude aliita mitaa kwa majina ambayo hayapo kwenye vibao. Mwisho wakafika kwenye bustani ya watoto, ambayo zamani ilikuwa makaburi. Akahesabu hatua kutoka getini: safu ya tatu, kaburi la saba. Palikuwa na bembea. Mtoto mmoja alipita katikati ya koti la Bi Trude akifuata mpira.

"Liese wangu alikuwa na miaka minne," alisema. "Dondakoo lilimchukua. Nikimpata tu, nitapumzika. Ukisikia lolote, niambie."

Dobrochna aliahidi.

Jioni Halszka alikuwa akimenya viazi.

"Yale mawe ya makaburi yalipelekwa wapi?"

"Mengi yalijenga kuta. Mengine watu walijichukulia. Letu ndilo lile la kukanyagia pale mlangoni. Babu aliliweka maandishi chini, maana upande ule ulikuwa unateleza."

"La nani?"

"Nitajuaje? Nimezaliwa limeshalala. Nipe chumvi."

Dobrochna akashuka. Maji ya mvua yalikuwa yamekula udongo pembeni, mkono ukapita chini ya jiwe. Akapapasa herufi moja moja: L, I, E, S, E. Akapanda, akanawa.

"Ni la mtoto wa Bi Trude, Halszka."

Kisu kilisimama kidogo, kikaendelea.

"Shoga, nakuomba. Usimwambie. Leo atataka jiwe, kesho kabati, kesho kutwa nyumba. Mama yangu humo chumbani, na miguu yake mibovu, tutampeleka wapi?"

Wakala. Viazi vilikuwa vitamu.

Jumapili Bi Trude aliwahi, akaja saa sita kumuaga mgeni.

"Hukusikia lolote?"

Halszka alikuwa akipanga vikombe kabatini. Hakugeuka.

"Hapana, bibi," Dobrochna akasema. "Sikusikia."

"Haya. Ahsante, mwanangu. Wewe angalau ulinisindikiza." Akamfunga kola vizuri kwa sababu ya upepo, akashuka naye ngazi hadi chini. Mlangoni Bi Trude akatangulia, akakanyaga jiwe, akageuka kumpa mkono ili asijikwae. Dobrochna akaushika, akakanyaga.