Ushungi wa Sunaina

Swila alimgonga Sunaina mkononi alipokuwa akichomoa vinyesi vikavu vya ng'ombe vya kuwashia jiko. Pikipiki ilikuwa uani, na mwenyewe, Jibachh, ndiye aliyefundishwa na hospitali kubeba walioumwa na nyoka: mgonjwa katikati, msaidizi nyuma, hakuna kusimama njiani. Alishabeba wake za watu kadhaa, wala hakuona haya.

Lakini huyu alikuwa mke wa mdogo wake, aliyekuwa kibaruani Uarabuni. Na kwao Mithila, mke wa mdogo wako humgusi, wala huuoni uso wake; mbele yako huufunika kwa ushungi. Miaka yote waliyokaa ua mmoja, Jibachh aliijua miguu yake tu.

"Nikatafute mtu aendeshe," alisema.

"Umtoe wapi, na wote wako mashambani?" mama yake, Phulmati, alimkaripia. "Huoni kope zishamlegea?"

"Mama, watu watasema."

"Waache waseme! Mficha uchi hazai. Washa!"

Phulmati akamfunga mkwewe kwa shali mgongoni pa Jibachh, kama mtoto, akapanda nyuma yao. Njia nzima Jibachh aliisikia pumzi ya Sunaina shingoni mwake. Walipovuka daraja, hakuisikia tena.

Zamani kazi ya hospitali ile ilikuwa kuandika uhamisho, mgonjwa akafie mbele ya safari. Mungu awape umri mrefu waliokataa hali hiyo. Siku hizi dawa ya sumu imo kwenye friji, na hakuna anayeuliza iko wapi. Nesi Anju alitundika dripu, akamfunika Sunaina barakoa mdomoni na puani, kisha akamkabidhi Jibachh mfuko wa mpira wa kusukumia hewa, uliounganishwa na barakoa hiyo.

"Dawa itachelewa kidogo. Kwa sasa wewe ndiye pumzi yake. Minya, achia."

"Sista, mimi ni shemeji yake mkubwa..."

"Basi minya kwa heshima."

Akaminya. Uso ulikuwa wazi mbele yake, na ulikuwa na kidoti kidevuni. Akaminya mpaka vidole vikafa ganzi, mama akampokea, kisha akaminya tena.

Jioni kope za Sunaina zikainuka kidogo, na mkono wake ukatikisika. Ukapapasa kitanda, ukapanda shingoni. Anju akaruka kuuzuia, akidhani anang'oa barakoa.

"Mwache!" Phulmati akaangua kicheko na kilio pamoja. "Anatafuta ushungi! Kamwona shemeji yake!"

Jibachh akageukia ukutani upesi, machozi yakimtiririka, na mkono wake ukaendelea kuminya.