Ubora na Udhaifu wa Tarishi

Alhamisi saa nne asubuhi Mizani alikuwa mbele ya televisheni, karatasi aliyoikunja katikati ikiwa gotini. Upande wa kushoto aliandika Ubora, wa kulia Udhaifu. Ndivyo alivyofanya uhakiki gazetini kwa miaka kumi na moja, na ndivyo alivyopata hilo jina. Kila kitu alikipima kwa pande mbili: filamu, viatu, wachumba. Wachumba watatu walishaziona karatasi zao, na hakuna aliyerudi kuuliza upande upi ulizidi.

Safari hii alikuwa anapima tamthilia ya Kikorea, sehemu kumi na sita, ngumi kila sehemu. Shujaa wake alikuwa tarishi wa mahakama, mtu wa kupeleka hati za wito nyumba kwa nyumba. Alijua kila mtu anakaa wapi, kwa hiyo mhalifu akiachiwa kwa hila, Tarishi alimfuata kwake akampa haki yake mkononi. Ila hakumgusa mtu kabla ya kupata sahihi mbili katika daftari lake, ya aliyedhulumiwa na ya shahidi. Hilo Mizani alilipenda. Akaandika kushoto: "Ana utaratibu."

Katikati ya sehemu ya nne Tarishi alitoka kwenye televisheni. Alitanguliza mguu wa kulia, akashika ukingo wa kabati asije akaangusha maua ya plastiki, kisha akavua viatu akaviweka mlangoni. Mdogo wake Mizani, aliyekuwa mezani anamenya viazi, alisogeza sufuria kumpisha.

"Karibu kiti," alimwambia.

Tarishi alijibu kwa Kikorea. Usawa wa mkanda wake yakatokea maandishi ya njano ya tafsiri: Ahsante. Nani amewadhulumu? Yalichelewa sekunde mbili, kama yanavyochelewa siku zote.

Huyo mdogo mtu alikuwa mshonaji, na nyumbani walimwita Fundi. Kwa miaka sita alishona kola katika kiwanda cha mashati, ghorofa ya pili, pamoja na wanawake mia mbili. Mlango wa dharura wa ghorofa hiyo ulifungwa kwa kufuli, eti wasiibe vitambaa. Fundi alilalamika mara tatu. Mara ya tatu meneja akasema kufuli halipo na halijawahi kuwapo, akamsimamisha kazi kwa kukichafulia kiwanda jina. Kikao cha kumwamulia kiliwekwa Jumatano baada ya wiki tatu. Wenzake walikuwa na watoto wa kulisha, kwa hiyo waliinamia cherehani zao. Mtu pekee wa nje aliyeliona kufuli kwa macho yake alikuwa Mizani, siku alipompelekea Fundi miwani aliyoisahau. Na kila Jumamosi, tangazo la kiwanda kile lilikaa ukurasa unaotazamana na safu ya Mizani.

Fundi alisimulia yote hayo huku akimenya, kisha akafuta mikono akatia sahihi. Tarishi akamgeuzia Mizani daftari na kalamu.

"Kaka, si wewe uliyeliona?"

"Niliona, ndiyo. Lakini sahihi si kitu cha kurukia. Wacha nimalize safu kwanza."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na haraka haraka haina baraka," alisema Mizani. "Methali zote mbili zina ubora na udhaifu wake."

Tarishi aliketi kwenye kochi, daftari likiwa wazi mapajani. Akakaa hapo Ijumaa nzima bila kukunja koti.

Jumamosi gazeti likatoka. Upande wa udhaifu Mizani alikuwa ameandika: "Majambazi kumi na wawili wanamzunguka, halafu wanasubiri zamu kama wagonjwa kliniki. Naye haumii. Anadondoka kutoka ghorofa ya tatu, anajikung'uta vumbi." Saa tatu asubuhi Tarishi alijikwaa kwenye kizingiti akachubuka goti. Fundi alimpaka dawa. Mchana bata sita wa jirani walimvamia uani, wote kwa mpigo, hakuna aliyesubiri zamu.

"Kila unachomkosoa upande wa kulia kinageuka kinyume," alisema Fundi.

"Naona."

"Basi andika kwamba udhaifu wake ni kukaa kwenye kochi letu."

"Hilo si suala la kisanaa," alisema Mizani.

Tusimfiche: mhakiki wetu alikuwa mwoga, tena mwoga mwenye msamiati. Aliona raha kuandika upande wa kulia. Mtu mnyoofu, mwenye koti safi, anayekunyooshea kalamu kila ukipita kwenda kuchota maji ya kunywa, anachosha. Mizani alihisi kwamba shujaa akipungua kidogo, na yeye angeweza kupumua kidogo.

Wiki ya pili aliandika: "Hali, halali, haendi msalani." Jumamosi hiyo Tarishi alimaliza mikate miwili, akakoroma kwenye kochi hadi kioo cha kabati kikatetemeka, na alipoamka akajifungia chooni. Mizani alisubiri nje na taulo begani kwa dakika arobaini. Hapo, kama mhakiki, alijuta.

Wiki ya tatu aliandika: "Haogopi kitu. Mtu asiyeogopa ana nini cha kutufundisha sisi wengine?" Aliisoma sentensi hiyo mara mbili akaiona nzuri mno. Jumamosi Tarishi alikataa kuvuka barabara mpaka Fundi amshike mkono. Usawa wa mkanda yakatokea maandishi: Huko kiwandani kuna mbwa?

Ule ubora, kwa bahati mbaya, ulibaki kuwa maneno matupu. Mizani aliandika kwamba jamaa ana moyo, ana subira na koti linamkaa. Hakuna kilichobadilika, hata koti.

Jumatano ya kikao Fundi alivaa gauni lake la buluu. Tarishi alisimama mlangoni, goti limefungwa bendeji, akamnyooshea Mizani kalamu kwa mara ya mwisho.

"Safu inatakiwa saa kumi na moja jioni," alisema Mizani.

Fundi alitazama saa ya ukutani. "Sasa hivi ni saa mbili na nusu asubuhi. Una saa nane na nusu, kaka."

"Kuandika si kushona kola."

Fundi akamshika Tarishi mkono kwa ajili ya barabara, wakaondoka. Mizani alibaki. Hakuandika hata neno. Alichonga penseli tatu, akapiga pasi suruali ambayo ilishapigwa pasi, na moyo ukamuuma kweli, lakini mguu haukwenda.

Walirudi saa saba. Fundi alivua viatu akakaa mezani.

"Meneja ameuliza shahidi yuko wapi," alisema. "Tarishi kafungua daftari, kamwonyesha mstari mtupu. Meneja akasema, haya, basi zungumza wewe. Watu wote tukatazama maandishi."

"Yakasemaje?"

"Anahema. Ndivyo yalivyosema. Nimefukuzwa kazi, kaka."

Mizani alimsogezea glasi ya maji.

"Huyu amepata," Fundi aliendelea, akimwonyesha Tarishi. "Meneja alikuwa anatafuta bawabu. Akasema mtu mpole, anayeogopa, na anayejua kusainisha watu daftari, hapatikani kirahisi."

Tarishi aliangalia soksi zake. Maandishi yakatokea: Siku hizi nasikia njaa. Kwenye mkanda wake, juu kidogo ya neno njaa, ulining'inia ufunguo mdogo wa shaba. Fundi aliujua. Alikuwa ameuona kwenye mkanda wa meneja kwa miaka sita.

Mchana huo Mizani alichukua karatasi ambayo hakuikunja. Aliandika safu nzima, na aya ya mwisho ikawa hii: "Udhaifu mkubwa wa hadithi hii ni shahidi. Aliliona kufuli kwenye mlango wa dharura, akanyamaza. Shahidi huyo ni mimi." Alimsomea Fundi aya hiyo, akaituma safu saa kumi kasoro robo kabla ujasiri haujapoa.

Saa kumi na mbili mhariri akapiga simu. "Mizani, safu tamu sana. Ila aya ya mwisho imekosa nafasi. Kiwanda kimeongeza tangazo."

"Sawa, mzee," alisema Mizani.

Alikata simu. Kifua kikawa chepesi, na aliona aibu kwamba kimekuwa chepesi, na alilala vizuri.

Jumamosi alfajiri Tarishi aliondoka kwenda zamu yake, mkate mfukoni, akizunguka mbali na bata. Saa mbili gazeti likafika. Tangazo lilisema Usalama wa mfanyakazi kwanza. Lilikuwa na picha ya washonaji wanane wakitabasamu mbele ya mlango wa dharura, na kati ya mabega mawili kufuli lilionekana wazi, linang'aa. Kama kuna mtu gazetini aliyeliona, hakusema. Kando yake safu ya Mizani ilimalizikia kwenye ubora. Neno la mwisho lilikuwa utaratibu.

Fundi aliisoma mezani, kisu mkononi, viazi mbele yake.

"Na ile aya uliyonisomea?"

"Wameikata," alisema Mizani, amesimama kando ya kiti chake. "Nimepigana nao, mdogo wangu. Nimepigana sana."

Baada ya sekunde mbili, usawa wa mkanda wa Mizani mwenyewe yakatokea maandishi ya njano: Nilisema sawa, mzee.

Fundi aliyasoma. Aliokota kiazi kingine akaanza kukimenya.

"Sogea kidogo," alisema. "Meza imeziba mstari wa pili."

Mizani alikaa. Akavuta kiti mpaka kifua chake kikagusa ukingo wa meza, akanyoosha mkono kuomba kisu amsaidie.

"Hakuna mstari wa pili," alisema, na chini ya meza ukatokea wa tatu.