Pumzi Katikati ya Neno

Baada ya upasuaji wa sikio mume wangu, aliyekuwa amepoteza usikivu, alianza tena kusikia maneno. Ukimwita mezani anakuja, tena bila kupayukiwa, na koo langu likapumzika. Muziki ndio haukurudi. Kupitia kifaa alichowekewa nyuma ya sikio, redio ilimlilia kama mabati yanayokatwa. Mtu aliyefundisha kwaya maisha yake yote! Kila siku nilimwambia atazoea, kwa kuwa daktari alisema hivyo. Nilichoka kusema, naye alichoka kunisikia.

Alibakiwa na tumaini moja: sauti ya kitindamimba wetu, aliyemfundisha mwenyewe tangu mdogo. "Ile nitaitambua tu," alisema. Binti akaomba ruhusa kazini, akasafiri kutwa nzima, na alipofika hata maji hakunywa. Alisimama kando ya meza ya kupigia pasi, mahali pake pa utotoni, akaimba.

Nilikuwa nakunja nguo. Jamani, aliimba! Nikamtazama baba yake, nikaona uso umemkunjamana.

"Basi, mama, inatosha," alimwambia binti. "Nasikia sufuria zinaburutwa sakafuni. Nisamehe."

"Nijaribu wimbo mwingine, baba?"

"Usijichoshe."

Akapeleka mkono sikioni akivue kile kifaa. Nilijua akikivua safari hii hakivai tena. Mkono ukasita.

"Lakini pale mwishoni umevuta pumzi katikati ya neno. Mara ngapi nimekukanya?"

Kweli alikuwa amevuta, kwa uchovu wa safari. Kosa hilo lilimtoka zamani, kabla hajamaliza shule.

"Umeisikia, baba?"

"Ni hewa tu, fyuu. Lakini ni yako. Ulikuwa unavuta hivyo hivyo ukiwa kibogoyo. Haya, rudia, na uimbe vizuri."

Binti akanitupia jicho, akaanza upya. Safari hii alivuta pumzi katikati ya kila mstari, kwa nguvu, akikata maneno vipande vipande. Wimbo ule mzuri akauharibu wote, hata mwanakwaya wa jana angeona haya.

"Pumzi!" mume wangu alifoka, akipiga meza. "Pumzi, we mtoto!" Macho yalimng'aa, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaanza kuongoza.

Nilikaa juu ya nguo nilizokwisha kuzikunja, nikalia.

"Rudia," alisema.

Binti akarudia, akakosea zaidi.