Saa Aliyozaliwa Rahila

Ting.

Niliusikia mlio ule kabla sijaona mtu. Ulitoka nyuma ya pazia la sebule ya Bi Ghania, mwembamba, mtamu kupita kiasi, kama kijiko kilichogonga ukingo wa bilauri. Nilikuwa nimesimama ukumbini na sahani ya mkate wa kumimina mikononi, nimetumwa na mama, viatu nimeviacha mlangoni. Ting, tena. Mara ya tatu mlio ulifuatwa na muziki mfupi wa kijinga. Niliujua. Nilikaa nao wiki nzima ndani ya simu yangu, kisha nikaufuta kwa mkono wangu.

"Haziendani," ilisema sauti ya mwanamume. "Kijana ni moto, binti ni maji. Na maji na moto, mama yangu, unajua mwenyewe nani humzima mwenziwe."

"Maskini Maher wangu," akasema Bi Ghania.

Kijana wa moto alikuwa mwanawe, na binti huyo wa maji alikuwa Rahila, dada yangu, aliyemposa.

Wanaonijua watashangaa kwamba sikuingia. Mimi ni mtu wa kuingia. Hapa kijijini kwetu Wambaa hakuna baraza ambalo sijapandisha sauti, na beti zangu za kejeli zimewahi kumhamisha mtu msikiti. Lakini siku ile niliiweka sahani juu ya kasha la nguo, nikavaa viatu, nikatoka kama mwizi aliyekuta nyumba ina watu. Nilijua mlio ule ulifikaje sebuleni pale. Niliupeleka mimi.

Hayo yote yalitokea miaka mitatu iliyopita. Wakati huo nilikuwa mhudumu wa maabara katika skuli ya sekondari: naosha chupa, nafunga madirisha, nahesabu sumaku zisipotee. Mwalimu Modester, aliyetoka Bukoba kuja kutufundishia fizikia, alianzisha kikundi cha wanafunzi cha kutazama anga. Darubini hatukuwa nayo. Tulikuwa na uwanja wa mpira, giza la kutosha na simu. Akaniita akaniambia: "Haitham, wewe una jicho la kuchagua maneno. Nichagulie programu moja ya nyota. Moja tu. Isile bando, isijaze simu, na isidanganye watoto."

Nilijaribu saba kwa mwezi mmoja, nikaandika aibu zake zote katika daftari. Ya kwanza ilikula nafasi yote ya simu hata picha za marehemu baba ikabidi nizihamishe. Ya pili ilidai barua pepe, kisha namba ya kadi ya benki, kisha ikanishukuru kwa jina la mtu mwingine. Ya tatu haikukubali kwamba sisi tuko kusini ya ikweta. Kila ukiifungua inakuonyesha kwa fahari nyota ya kaskazini, ambayo kwetu haichomozi kabisa. Nyingine ilikatiza kishada cha nyota za Kilimia katikati kwa tangazo la kamari. Nilikuwa naizungusha simu juani mchana kweupe, najifunza majina, na kadiri nilivyojifunza ndivyo nilivyochukizwa. Anga ni kitu kisafi. Nilikuwa sijui watu wanaweza kulimwagia maji machafu kiasi kile.

Ya sita ndiyo iliyonitia kinyaa hasa. Picha zake zilikuwa nzuri kuliko zote. Ukigusa nyota, inawaka. Lakini upande wa kushoto ilikuwa na ukurasa wa pili: andika jina, andika tarehe, andika saa ya kuzaliwa, halafu ting, ting, ting, na muziki, na kioo kinakwambia utampenda nani na usisafiri lini. Niliichagua ya saba, nyeusi, ndogo, isiyo na muziki wala tangazo, inayoonyesha nyota zilizopo na kunyamaza. Mwalimu Modester aliridhika. Ningeifuta ile ya sita papo hapo, yakaisha.

Ila Othman alikuwapo. Othman ni fundi simu, kibanda chake kiko njia ya kwendea gatini, na siku ile alikuwa ananibadilishia betri.

"Yakhe, unaifuta ya nini? Tazama picha zinavyong'ara! Nirushie mie kwanza."

"Chukua," nikamwambia, nikamrushia. "Uwe jalala lake."

Nilijiona nimesema neno kubwa.

Kwetu, kabla posa haijakubaliwa, ziko nyumba ambazo bado hutazamia nyota za kijana na binti. Si zote; shehe wetu amelikemea jambo hilo mara nyingi. Mzee aliyekuwa akiwatazamia, mwenye kitabu chake cha kurasa za rangi ya chai, alikwisha kufa na hakuacha mwanafunzi. Othman akaona nafasi. Mwezi haukuisha akawa ana kilemba. Vijana tukampa jina, Mnajimu wa Chaji, baada ya bibi mmoja kuambiwa arudi kesho kwa sababu bahati ya mumewe imekatikia katika asilimia mbili. Tulicheka sana. Na mimi nikatunga beti, nikazisoma barazani mwenyewe akipita:

*Othumani fundi simu, wajivika usahihi,*
*Kwa kioo chenye sumu, wavunja watu nikahi.*

Watu walipiga makofi. Othman naye akapiga makofi. Wala sikumwambia mtu hata mmoja nani alimpa kioo.

Siku ile ya sahani nilimkuta Rahila uani anasuka ukili wa mkeka. Nikamweleza yote niliyoyasikia. Hakulia. Aliendelea kusuka, ila vidole vilikuwa vinavuta mno, na ukili ukaanza kujikunja kama mkia wa nge.

"Na Maher mwenyewe kasema nini?"

"Maher alikuwa dukani kwao, Chake Chake."

"Miaka miwili nimemngoja amalize madeni ya lile duka." Akaukata ukili kwa meno. "Basi nenda, Haitham. Weye si ndiye husema kila siku kwamba huu ni uchafu? Barazani umesema. Skuli umesema. Kaseme basi panapotakiwa."

Nilikwenda kwanza kibandani. Niliingia bila salamu.

"Nipe simu."

"Taratibu, kaka, utanivunjia kioo cha watu hapa."

"Nipe simu, mtume wa chaji!"

Akanipa, huku akijikinga kwa bisibisi. Nikafungua ule ukurasa wa kushoto. Jina la dada yangu lilikuwa pale, kwenye pambo la maua na moyo. Tarehe ilikuwa sahihi. Saa: 3:00.

"Saa hii kakupa nani?"

"Mamako mwenyewe kamwambia Bi Ghania. Saa tatu usiku, baada ya Isha, mvua inanyesha, mkunga kaja amejifunika mkeka. Saa tatu nimeandika tatu. Kosa langu liko wapi?"

"Simu inahesabu tangu machweo?"

Akaishusha bisibisi.

"Saa tatu ya usiku kwa simu ni ishirini na moja, Othman! Wewe umemzalisha mama yangu saa tisa usiku. Na ya Maher uliandikaje?"

"Maher kazaliwa hospitali. Ana kadi. Nimenakili kama ilivyo."

Alianza kuhesabu kwa vidole, midomo ikitikisika, na uso wake ukawa wa mtoto aliyemwaga maziwa. Mimi sikumngoja. Nilifuta tatu, nikaandika ishirini na moja. Ting. Ting. Ting. Muziki. Rahila akageuka moto. Moto na moto: mapenzi ya kudumu, asilimia themanini na saba.

Nataka niseme ukweli wa dakika ile, kwa sababu yote yaliyobaki yametoka humo. Nilikuwa nimekuja kuvunja. Nilijua kwamba takataka iliyooshwa ni takataka. Nilijua kwamba kama ningegeuza tarakimu tena, kioo kingesema kingine kwa muziki uleule. Na moyo wangu, pamoja na kujua hayo yote, uliruka kwa furaha. Themanini na saba! Nilimshika Othman mkono, nikamwambia, "Twende."

Njiani bado nilijidanganya kwamba nitasema yote mawili. Nilikuwa na hotuba, ina vina kabisa. Lakini Bi Ghania alitoka nyuma ya pazia macho yamevimba. Sikuwa nimefikiri kwamba naye angelia. Nilimhesabu siku zote kuwa mwenye nyumba kubwa tu, ambaye babu zake walikuwa na mikarafuu hadi upeo wa macho na wajukuu wamebakiwa na duka la vitambaa.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Najua umekuja kunigombeza. Nigombeze. Nampenda Rahila kuliko unavyodhani, lakini nimezika mtoto mmoja, siwezi kucheza na wa pili."

Hotuba ikanikauka. Sentensi mbili zilikuwa ulimini. Moja ilikuwa ndefu na ngumu, na ingemwacha mama yule na hofu yake mikononi. Ya pili ilikuwa fupi.

"Saa ilikosewa, Bi," nikasema.

Nikamweleza, polepole, kama mwalimu. Nikabonyeza mwenyewe. Mlio ulipokwisha na asilimia ikatokea, Bi Ghania alipiga kigelegele kilichowatoa kuku uani. Akanishika kichwa kwa mikono miwili.

"Kumbe jambo hili lataka mtu aliyesoma! Na weye uliyekuwa ukitutukana!" Alicheka, machozi bado yanateremka. "Othman, kuanzia leo usimtazamie mtu mpaka Haitham akague saa zako. Sawa, mwanangu?"

"Sawa," nikasema.

Neno lile liko kinywani mwangu mpaka leo, kama unywele katika wali.

Habari ilifika kwetu kabla yangu. Alasiri ileile Mwanakhamis, jirani yetu, akabisha hodi uani. Binti yake mdogo alikuwa na uvimbe shingoni, na daktari wa Chake alikuwa amesema aletwe Jumatatu apasuliwe.

"Nitazamie tu hiyo Jumatatu, Haitham. Maana wanasema yako ndiyo sahihi."

"Jumatatu ni nzuri, Bi Mwanakhamis. Mpeleke."

"Hujaangalia."

Nikaitoa simu mfukoni. Ilikuwa ile nyeusi, ya saba, isiyo na milio, niliyoichagua kwa ajili ya watoto wa skuli kwa sababu haisemi uongo. Nikaifungua mbele ya uso wake. Nikaitikisa huku na huku juu ya bamia za mama, nikatazama kioo kwa makini, nikasema, "Nzuri sana. Mpeleke Jumatatu."

Akanishukuru mara tatu, akenda. Nilipogeuka, Rahila alikuwa amesimama mlangoni.

Nilianza kumweleza haraka kwamba posa yake imerudi, kwamba wanakuja Ijumaa, kwamba kosa lilikuwa la saa tu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafanya jambo ambalo hajawahi kunifanyia tangu utotoni: alirudi nyuma hatua moja, kama mtu anayekwepa harufu.

"Na kama daktari angesema Jumatatu na simu ikasema Alhamisi?"

"Nimemwambia aende. Nimemsaidia."

"Umemwambia simu imekubali. Siku isipokubali?" Hakupandisha sauti. "Mie ndiye nitakayekaa katika nyumba ile, Haitham. Mwanangu akipata homa usiku, watafungua nini kwanza? Nikichelewa kushika mimba, watanitazama wapi? Alipokuwa nayo Othman, watu walicheka. Sasa umeitia muhuri weye."

Nitasema kwanza yaliyofuata, maana sipendi msomaji adhani nafanya fumbo. Nilikwenda kwa Bi Ghania siku ya pili, Maher akiwapo, nikasema yote: nani alimpa Othman kioo, kwamba saa sahihi na saa iliyokosewa zilitoa uongo uleule, kwamba ningeweza kuwapa asilimia yoyote waliyoitaka. Bi Ghania alinisikiliza, akauliza swali moja tu: "Sasa jana ulipokuja nayo mlangoni kwangu, uliniona nani?" Maher alitazama miguu yake. Ijumaa hawakuja. Mwaka uliofuata alioa Unguja. Bi Mwanakhamis nilimfuata pia. Alimpeleka mtoto Jumatatu, akapona, na haamini mpaka leo kwamba sikuona kitu. Othman ameacha kilemba, lakini simu anayo. Rahila anafundisha chekechea Chake Chake. Alilia miezi mingi, na sitasema kwamba ilimfaa. Mimi sijatunga ubeti wa kejeli tangu siku ile. Kila nikianza, naona mkono wangu unaitikisa simu juu ya bamia.

Lakini jioni ile, pale mlangoni, hayo yote yalikuwa hayajatokea. Ukili wake ulikuwa umelala chini, umejikunja. Mama alikuwa jikoni anaimba kwa sababu ya Ijumaa.

"Utawaambia," alisema Rahila.

"Watavunja posa."

"Najua."

"Rahila, unampenda."

"Nampenda." Akafuta uso kwa ncha ya mtandio. "Usinijibu kwa ubeti. Niahidi kwa maneno ya kawaida, nikusikie."

Nikamwita jina lake, nikasema kwa sauti iliyomfanya hata mama, jikoni, aache kuimba:

"Kesho, kabla ya adhuhuri, nitawaambia Bi Ghania na Maher kwamba nilidanganya."