Mboga za Wifi Dafrosa

Siku hizo Imakulata alikula mboga zisizo na chumvi, na mtu akimwambia "pole" alitamani kumrushia sahani.

Madaktari wa Dar walikuwa wakijaribu dawa mpya. Saratani ya tezi iliyomkaa shingoni ilikuwa kaidi kama punda. Walishamnywesha madini joto yenye mionzi ya kuiua, ikayakataa katakata. Sasa alimeza vidonge vya kuuvunja huo ukaidi, kisha apigwe picha waone kama itayapokea. Ikikataa tena, basi. Na kwa kuwa chumvi ya dukani nayo ina madini joto, alikatazwa kabisa, maana saratani ikishashiba ya jikoni haitagusa ya hospitali.

Haya, mweleze hayo Dafrosa! Dada huyu wa mumewe alitoka Karema kuja Majengo kumuuguza, na kwao mgonjwa asipokula anayeona aibu ni mpishi. Alimvumilia wifi yake akichokoachokoa ugali, mpaka jioni moja matembele yakaja na ladha. Imakulata akala, akaongeza, akaramba vidole. Ndipo akashtukia ladha, akaisukuma sahani.

"Wifi, umetia chumvi?"

"Kidogo tu, jamani. Nilikuonea huruma."

Imakulata alilia kwa hasira. Safari ya Dar ilikuwa kesho yake! Angenyamaza, nani angejua? Akisema, huenda wangemtoa kwenye utafiti na nafasi yake apewe mwingine. Lakini je, picha ikidanganya? Alimpigia daktari akamweleza yote.

"Afadhali umesema, mama," daktari akamjibu. "Tungedhani dawa imeshindwa. Endelea na vidonge, chumvi usiguse, uje baada ya wiki mbili."

Dafrosa aliingia jikoni, akatoka na macho mekundu na mfuko wa chumvi, akampelekea jirani. "Kuanzia leo tunakula hivyo hivyo wote," alisema. "Mimi, kaka, na yeyote atakayekanyaga hapa."

Kaka mwenyewe, Lyamba, alitafuna tonge la kwanza akaguna. "Dada, hata ng'ombe wanapewa chumvi!"

Imakulata alicheka mpaka akapaliwa. Hakuwa amecheka hivyo tangu augue.

Wiki mbili zilipokwisha alikwenda Dar, akapigwa picha, na daktari akamgeuzia kompyuta. Pale shingoni palipokuwa giza mwaka jana, sasa palikuwa panang'aa. Saratani ilikuwa imeyapokea. Hujapona bado, daktari alimwambia, ila sasa tuna pa kuanzia. Imakulata alitoka nje akapiga simu nyumbani.

"Wifi, imekubali! Kesho nalazwa, wanipe ile dawa yenyewe ya mionzi."

Dafrosa alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Kisha sauti ikashuka.

"Na huko chakula anakupikia nani?"

"Wapishi wa hospitali."

"Waambie wasikuonee huruma," Dafrosa alisema, akaanza kulia.