Nembo ya Kocha Vrana

Kocha mpya, Vrana, alipokuja kufundisha timu ya futiboli ya Kimarekani chuoni kwetu Nebraska, alibandua nembo zote kwenye helmeti zetu. "Nembo huvaliwa na anayeistahili," alisema. Tukacheza mechi kumi na moja na helmeti tupu kama mayai, tukachapwa zote.

Mechi ya mwisho, ya kumi na mbili, tulikuwa nyuma kwa pointi tatu. Zilibaki sekunde nne, na yadi moja kufika mstari wa goli. Kocha akamwita mpiga mateke, apige mpira golini tupate pointi tatu za sare.

"Tusawazishe ili iweje?" nilifoka. "Nipe mpira nivuke nao mstari mwenyewe tushinde, Kocha!"

Alinikazia macho, akatoa nembo mfukoni, akaibandika kwenye helmeti yangu kwa kofi. "Haya, nenda!"

Wapinzani waliniangusha inchi mbili kabla ya mstari, muda ukaisha. Nikarudi nikiibandua ile nembo.

"We Kucera!" alinguruma. "Ukiitoa hiyo, usikanyage tena uwanja wangu."