Mamba wa Wamaza Aliyevaa Koti

Tangu nistaafu kuendesha lori, kazi yangu ni kupiga simu redioni Kasongo na kudanganya. Niliwahi kuwaeleza jinsi lori langu lilivyokwama kwenye matope ya barabara ya Kabambare hadi mpunga ukaota ndani ya karoseri, pale pa kubebea mizigo. Nikavuna, nikauza, nikanunua tairi. Ndiyo maana wananiita Papa Bongo, na bongo huku kwetu ni uongo.

Basi akaja Emmanuella kutoka Kindu, msichana msomi ambaye kazi yake ni kusoma maamuzi ya wakubwa na kuwafafanulia raia. Akashika maikrofoni: "Mimi ni mchambuzi wa politique za serikali."

Alitaka kusema mipango. Lakini kwetu politique ni kumpaka mtu mafuta huku unamwibia. Simu ya kwanza ilitoka kijiji cha Wamaza, Mama Régina huyo, mkulima wa michikichi:

"Mama, politique tuko nayo ya kutosha. Weka muziki."

Na jambo lenyewe lilikuwa zito. Ramani mpya ya serikali ilionyesha kwamba nyuma ya Wamaza ni pori tupu, hakuna mtu. Jumamosi kungekuwa na kikao cha wazi Kabambare. Wenyeji wasipokuja kukataa, ramani ingepita, na ardhi tupu hupewa yeyote anayeiomba. Emmanuella alirudi redioni tena na tena. Kila akisema politique, watu wanazima redio.

Akanikuta nyumbani namenya mihogo.

"Jambo, Papa."

"Jambo, mwanangu. Umeniletea politique?"

Hakucheka. "Nimekuja kuomba bongo. Kubwa, ya kuenea Wamaza yote. Mimi nikisema kweli, wanasikia uongo. Weye wanajua unadanganya, na bado wanakusikiliza. Sema kule hakuna mutu."

"Watanipiga!"

"Nataka waje wakupige. Kabambare, Jumamosi."

Nikaacha mihogo nusu nusu, nikavaa viatu, tukaenda redioni.

"Ndugu wasikilizaji," nikasema hewani, "nimetoka Wamaza. Nyuma ya kijiji hakuna shamba, hakuna mutu. Nilikuta mamba mmoja tu, amevaa koti, ananiuliza njia ya Nyangwe. Nikamwambia, mzee, hata mimi natafuta mutu wa kuuliza."

Wamaza mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu. Siku hiyo walikipanda kwa zamu hadi kikasagika, wa mwisho wakabebwa mabegani ili simu ishike.

"Papa Bongo!" Régina huyo. "Michikichi ya baba yangu iko pale, na kaburi lake chini yake. Macho yako uliyaacha wapi?"

Iliasi, mkulima jirani yake, akaingia: "Na musikiti wetu wa udongo? Nani anaswali mule, mamba yako?"

"Labda," nikajibu. "Koti lake lilikuwa safi."

Wakanitukana kwa Kibangubangu, matusi mazuri sana. Emmanuella akavuta maikrofoni.

"Mama Régina, iko ramani inayosema sawasawa na Papa Bongo."

"Ramani nayo inadanganya?" Régina akauliza.

"Tena bila kuchekesha. Jumamosi wataipitisha Kabambare."

Jumamosi mvua ilipiga tangu alfajiri. Pikipiki zilishindwa njiani, watu wakazisukuma, wengine wakaja kwa miguu, matope hadi magotini. Emmanuella alisimama mlangoni, amelowa, akimwita kila aliyefika aingie.

Mwenyekiti wa kikao akauliza, "Kuna mutu anayesema kule hakuna watu?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Ningefanya nini? Nikasimama.

"Mimi, Mukubwa. Mimi, ramani na mamba."

Sikumaliza. Régina alipita mbele na mkungu wa ngazi, matunda ya michikichi ya baba yake, akautua katikati ya ramani, puu! Mafuta yakatambaa mahali palipoandikwa pori.

"Pori linapandwa na nani?" akauliza. "Nijibu."

Iliasi akaja nyuma yake, kisha wengine, kila mmoja na shamba lake mdomoni. Jioni mwenyekiti aliikunja ramani ikiwa imelowa mafuta. Ilikataliwa, wachoraji wangeenda Wamaza wenyewe, kwa miguu.

Nje, Régina akamshika Emmanuella mkono.

"Mama, ungetuambia mapema kwamba wametudanganya."

"Nilisema, mama. Nilisema politique."

"Aa, hiyo tulisikia." Akanigeukia mimi, uso umekaza. "Na weye, huyo mamba. Nyangwe alifika?"